Paka mzee akisusa chakula, usikimbilie kabati la dawa

Swali hili limenijia mara nyingi kiasi kwamba nimeona nilijibu hapa mara moja. Mama amemleta mtoto ana homa, tumemaliza kumpima, dawa zimeandikwa, naye akifika mlangoni anageuka na kuuliza kwa sauti ya chini kidogo: "Daktari, na paka wetu mzee hataki kula leo siku ya pili. Naweza kumpa hii dawa ya maji ya mtoto? Nimpe kiasi gani?" Dawa anayoisema ni paracetamol. Huyu angalau ameuliza. Wengine hawaulizi, wanampa tu.

Jibu ni hapana, na hakuna kipimo kidogo kilicho salama. Mwili wa binadamu huivunja paracetamol kwenye ini na kuitoa kwa mkojo. Ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha kwa kazi hiyo. Dawa inageuka kuwa sumu, damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa bluu au wa rangi ya udongo, uso na miguu vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Ibuprofen na diclofenac nazo si salama kwake, zinachoma tumbo na kuharibu figo. Zile za maji za watoto zina ladha tamu na rangi nzuri, lakini ndani ni dawa ileile.

Mimi ni daktari wa watu. Madaktari wa mifugo wana taaluma yao na wala sina nia ya kuwapokonya. Lakini paka huyo analala kwenye kitanda cha mtoto ninayemtibu, anakula kilichopikwa kwenye sufuria ya familia, na akiugua anatibiwa kwa dawa zilizobaki ambazo niliziandika mimi. Kwa hiyo habari ya paka asiyekula inanihusu, na inakuhusu wewe mzazi hata kama hao paka huwapendi kihivyo.

Msimamo wangu ni huu: paka mzee anayechagua chakula hadeki. Kuna kitu kinamzuia. Nyumbani tunasema "amezoea vya watu huyo" au "anajidai, njaa itamfundisha", kisha anaachwa ashinde na njaa mpaka alainike. Mtoto mwenye afya akiruka mlo mmoja kwa kununa si jambo la kutisha. Paka yuko tofauti. Akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa kama alikuwa mnene, mwili wake huanza kupeleka mafuta kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuimudu. Ini linajaa mafuta, macho na ufizi vinageuka rangi ya manjano, na hapo hata ukimwekea jodari wa leo kutoka soko la Feri hatamgusa. Njaa haimfundishi paka. Akimaliza saa 24 hajatia kitu mdomoni, mtafute daktari wa mifugo, usingoje wiki ijayo.

Sasa, kabla hujahangaika kutafuta kitoweo cha kumbembeleza, chunguza kinachomzuia. Anza na mdomo. Paka wenye meno mabovu ni wengi mno, na hawalii wala hawashiki shavu kama sisi. Utamwona anakwenda kwenye sahani kwa haraka, ananusa, anarudi nyuma. Au anatafuna upande mmoja, chakula kinamdondoka, na pumzi yake inanuka kuliko kawaida. Huyo ana njaa kabisa, ila kutafuna kunamuuma.

Figo ni la pili, na kwa paka mzee ndilo la kuogopa zaidi. Figo zikianza kuchoka, paka anakunywa maji mengi na kukojoa sana, anakonda mgongoni, manyoya yanapoteza mng'aro, na sumu zinazobaki kwenye damu zinamtia kichefuchefu. Mwenye kichefuchefu hachagui chakula, anakikimbia. Ukiwahi kumuuguza mtu wa figo nyumbani utaelewa ninachosema. Halafu kuna pua. Paka akiwa na mafua, pua zikiziba, hasikii harufu, na asichokisikia harufu hakitambui kuwa ni chakula. Upo pia ugonjwa wa tezi ya shingo ambao humfanya paka mzee ale sana na bado akonde. Huo watu huufurahia mwanzoni, wakidhani mzee amepata hamu.

Njia rahisi ya kujua kama mambo ni mazito ni mzani. Panda mzani wa bafuni ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Fanya hivyo kila mwezi na uandike. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 utasema ni kidogo. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Mtu wa kilo 60 akija kwangu amepungua kilo 6 bila kujua sababu, simruhusu aende zake bila vipimo. Na umri wake usiuhesabu kama wako: paka wa miaka 15 madaktari wa mifugo humlinganisha na mtu wa miaka 76 hivi.

Kwa nini basi chakula laini chenye majimaji? Asili ya paka wa nyumbani ni paka-mwitu wa nchi kame za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mnyama yule hapati maji kirahisi, hivyo sehemu kubwa ya maji yake aliipata ndani ya panya na ndege aliowala. Kiu ya paka ni ndogo mpaka leo. Chakula kikavu cha dukani, vile vipande vinavyolia kwenye bakuli, kina maji kama asilimia 10 tu. Chakula laini kina maji asilimia 75 hadi 80. Kwa paka kijana mwenye bakuli la maji safi tofauti hiyo si kubwa. Kwa mzee ambaye figo zimeanza kuchoka na meno yanauma, mlo wa majimaji ni sehemu ya matibabu. Wapo wanaosema kumpikia paka ni mambo ya Wazungu. Watu wa Unguja na Lamu, ambako paka wamejaa vichochoroni na wauza samaki huwatupia vichwa kila asubuhi, wangelicheka neno hilo. Na Waislamu wengi wamekua wakisikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumpa chakula.

Kazi yenyewe ni ndogo, na inaanza na jambo moja: toa fungu la paka kabla hujatia chumvi na kitunguu. Basi. Ukishaunga mchuzi, umechelewa. Kitunguu maji, kitunguu saumu na jamii yake yote, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Vile vidonge vya kuungia supu na unga wa kuungia mchuzi vina chumvi nyingi na mara nyingi vina unga wa kitunguu ndani, kwa hiyo supu ya namna hiyo usimpe hata kama ameilamba mwaka mzima bila kudhurika machoni pako.

Kuku ndiye rahisi. Chemsha kifua au paja kwa maji matupu, toa ngozi na mifupa yote, chambua nyama iwe nyuzi nyembamba au iponde, kisha ilowanishe na yale maji ya kuchemshia. Mioyo ya kuku ni bora zaidi na bei yake si kubwa, nitaeleza sababu hapa chini. Firigisi zinafaa lakini zikatwekatwe sana, kwa mzee asiye na meno ni ngumu. Samaki mchemshe au mpike kwa mvuke, kibua au changu au sato, uchambue miba kwa vidole na si kwa macho. Dagaa wakavu waloweke, mwaga yale maji yenye mchanga na chumvi, wachemshe kwa maji mapya, kisha waponde mpaka wawe rojo. Yai la kuchemsha, kijiko kimoja kilichopondwa, hupokelewa vizuri. Samaki wa kopo chukua wale walio kwenye maji matupu. Walio kwenye mafuta, maji ya chumvi au rojo la nyanya waache kwa ajili yako na mkate wako.

Kisha pasha moto kidogo. Hili ndilo watu hawalijui na ndilo linaloleta mabadiliko ya haraka. Chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu, na paka hula kwanza kwa pua. Kikiwa na joto la mwili, kama lile la maziwa unayompima mtoto kwa tone la mkononi, harufu yake inapanda na mzee anasogea. Weka kidogo, vijiko viwili, mara nne au tano kwa siku, kuliko sahani nzima asubuhi. Sahani iwe pana na iinuliwe juu kidogo, maana shingo na viwiko vya mzee vinauma akiinama. Isiwe karibu na sanduku lake la mchanga. Wewe nawe usingekula chooni. Kwa joto la Dar es Salaam, kilichobaki baada ya saa moja kitupe, kabla sisimizi hawajakifikia.

Usimtie sukari wala asali ukidhani utamvutia. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba jeni moja muhimu ya kuonja utamu kwa paka imekufa, haifanyi kazi. Mwaka 2023 watafiti wengine wakaeleza jinsi ulimi wake ulivyotegwa kwa ladha ya nyama, hasa viasili ambavyo jodari anavyo kwa wingi. Ndiyo maana biskuti anaipita na kopo la samaki analisikia kutoka chumba cha tatu. Maziwa anayapenda kwa mafuta yake, lakini paka wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, wanaharisha, na mzee anayeharisha anapoteza yale maji tuliyokuwa tunahangaika kumwongezea.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mapenzi yakizidi huzaa kosa la upande wa pili. Kitoweo ni kitoweo. Paka wa kilo 4 anahitaji kama kalori 200 kwa siku, na vionjo visizidi sehemu moja ya kumi ya hizo. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chakula cha nyama ya kuku iliyochambuliwa. Kuku mtupu kila siku hauna madini yote anayohitaji. Samaki mtupu kila siku, hasa mwenye mafuta mengi, husababisha upungufu wa vitamini E, na baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Maini anayapenda kupita kiasi, lakini ukimpa kila siku vitamini A inalundikana mwilini mpaka mifupa ya shingo inakakamaa. Kipande cha kidole mara moja kwa wiki kinatosha.

Na ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa si chakula cha paka, ingawa ndivyo tulivyolea vizazi vya paka. Wale waliishi kwa panya, ugali ulikuwa nyongeza. Paka hawezi kujitengenezea kiasi cha kutosha cha kiasili kiitwacho taurini, lazima akipate kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 Dk Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo yaliyoshtua watengenezaji: paka waliokuwa wanaugua moyo uliopanuka, ugonjwa uliokuwa unawaua, walikuwa na upungufu wa taurini ingawa walilishwa vyakula vya dukani. Walipoongezewa taurini mioyo ilirudi kufanya kazi. Upungufu huohuo huharibu macho. Misuli inayofanya kazi sana, moyo kwanza, ina taurini nyingi, ndiyo sababu nikakutajia mioyo ya kuku. Taurini huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia, basi yale maji usiyamwage, yamiminie juu.

Kama unanunua vya dukani, vya kopo au vile vijifuko virefu vyenye rojo la kulambwa, soma maandishi madogo. Pakiti huandika kama ni chakula kamili au ni cha nyongeza tu. Vile vya kulambwa vingi ni vya nyongeza, na bei yake si mchezo. Kwa paka mzee anayesita, kijifuko kimoja kinaweza kugawanywa siku nzima, kikapakwa kidogo juu ya mlo wake wa kawaida. Aliyekwisha kupimwa na kukutwa na ugonjwa wa figo usimpangie mlo kutoka kwenye gazeti. Anahitaji mlo wenye fosforasi kidogo, na huo utapangwa na daktari wa mifugo.

Nirudi kwenye watu, maana ndio wagonjwa wangu. Utumbo mbichi na nyama mbichi visiingie kwenye bakuli la paka anayeishi ndani na watoto. Paka hupata vimelea vya toksoplazma kwa kula nyama mbichi au panya, kisha huvitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida mara moja tu maishani. Vikitoka havijawa na uwezo wa kuambukiza, huhitaji siku moja hadi tano. Kwa hiyo mchanga wake ukitolewa kila siku hatari inashuka sana. Mjamzito aachie mtu mwingine kazi hiyo, au avae glovu na anawe. Mimi simwambii mjamzito amtupe paka wake, na nasikitika nikisikia ameambiwa hivyo, huku mishikaki isiyoiva na kachumbari ya mboga zisizooshwa vizuri hazikutajwa kabisa. Bakuli la paka lioshwe peke yake, na watoto wanawe mikono baada ya kumlisha.

Usimlazimishe kwa kumfungua mdomo. Jino la paka ni jembamba kama sindano, linapanda bakteria ndani kabisa ya kidole, na kesho yake mkono umevimba. Lipo la kutisha zaidi. Paka ambaye ghafla hawezi kumeza, anadondosha mate, sauti imebadilika, amekuwa mkali au amelegea isivyo kawaida, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimtie kidole mdomoni kutafuta mwiba. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo upate chanjo. Usikae nyumbani ukisubiri uone kama paka atakufa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Paka achanjwe kila mwaka, hata yule mzee asiyetoka nje.

Neno kwa wazee wangu wa kliniki ya presha. Wengi wenu mnaishi na paka, na najua baadhi mnampa kipande kizuri cha samaki, ninyi mkamalizia na mchuzi wa chumvi. Chungu nilichokushauri miaka yote, kisicho na chumvi wala vidonge vya kuungia, ndicho hicho cha paka. Chemsha samaki mmoja, toa fungu lake, kisha jikamulie limau na pilipili kwenye lako. Mtakula wote wawili.

Siku ukimpeleka kwa daktari wa mifugo, mweke kwenye kikapu chenye mfuniko kilichofungwa vizuri, usimbebe kifuani kwenye bodaboda. Beba karatasi uliyoandika uzito wake, alikula nini na lini mara ya mwisho, anakunywa maji kiasi gani, na kama amekojoa. Na kama kuna mtu nyumbani amempa dawa yoyote ya binadamu, hata nusu kidonge, taja jina la dawa na saa aliyopewa kabla hujasema jambo jingine lolote. Sumu ya paracetamol ina matibabu, lakini yanatakiwa yaanze ndani ya saa chache.